Wasomaji wananisubiri Jumamosi, shemeji hapokei simu yangu

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi pokea salamu tu. Nisaidie maana nimechoka, na mimi si mtu wa kuchoka ovyo, uliza popote hapa Kwa Mrombo utaambiwa. Jina langu tafadhali usilitoe.

Mimi ni mwandishi wa hadithi. Shule niliishia darasa la saba, lakini Mombasa, Lusaka na Harare nimefika nikiwa utingo wa malori, na magazeti binafsi yaliporuhusiwa nikaanza kuandika hadithi za mfululizo, unakatia mahali patamu halafu "itaendelea", na miaka kumi na saba sijawahi kumwacha msomaji njiani, hata nilipolazwa na malaria nesi aliniandikia huku mimi natetemeka, na zamu yake ikaisha akagoma kwenda kwake mpaka nimwambie muuaji ni nani. Wakati huo kila kitu kilipita kwa mhariri wangu Thomasi, yuko Dar, mtu mgumu sana, alikuwa ananipigia, "Bwana, huyu mwanamke ni wa kweli? Yuko hai? Basi kata," nami namtukana moyoni, nakata. Na gazeti lenyewe lilikuwa linafika Nduruma, ukweni kwangu, baada ya siku nne limefungiwa maandazi, nusu ya hadithi ina mafuta haisomeki, kwa hiyo nilikuwa salama.

Mwaka jana Thomasi akanipigia, "Mzee, ukurasa wa hadithi umeondolewa, watu siku hizi wanasoma kwenye simu." Nikasema hakuna shida, nikafungua ukurasa wangu Fesibuku, na sijisifu ila miezi mitano tu nina wasomaji elfu sita, mpaka wa Oman, ukiandika asubuhi chai haijachemka wameshajibu, wanataka nyingine, na nyingine, hawashibi, kichwa kikakauka, na hapo ndipo nilipokosea.

Shemeji yangu Naisiae, dada mkubwa wa mke wangu, ana binti wa miaka kumi na minne, Evelyn, na baba wa Evelyn hajulikani, hata mama mkwe hajaambiwa. Mimi ndiye niliyempeleka Naisiae kujifungua, nikakaa naye kwenye benchi la wodi ya wazazi, akanitajia jina, akasema, "Shemeji, wewe unamcheka kila mtu, ila mimi hujawahi kunicheka." Basi nikaiandika. Nikambadilisha jina nikamwita Tabitha, nikaona kazi imekwisha, lakini ule mlango wa njano wa nyumba yao nikauacha vilevile maana ulikuwa unapendezesha hadithi. Nduruma nzima ikaujua. Sokoni sasa wanamwita Tabitha. Akanitumia ujumbe mmoja, "Shemeji, ule mlango ni wetu," tangu hapo hapokei simu, na mke wangu ananiwekea sahani mezani anaondoka hata hanigombezi, na mimi kugombezwa nimezoea, kunyamaziwa ndiko siwezi.

Niko sehemu ya ishirini na mbili. Ya ishirini na tatu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, niliahidi kumtaja baba. Juzi shule zimefungwa, Evelyn akapitia kwetu kabla ya kwenda kwao, ameinamia simu ya mke wangu, akaniuliza, "Ba'mdogo, mlango wa huyu Tabitha kama wa kwetu, eti? Mtoto wake atamjua baba yake Jumamosi?" Nikamwambia nenda kachote maji, na ndoo ilikuwa imejaa. Sijui anajua au anauliza tu.

Nifanyeje? Niandike ukweli, kwamba baba ni (mistari miwili imekatwa – Mshauri), au nitunge baba wa uongo, kwa mfano rubani aliyeanguka na ndege, au nifute kila kitu nionekane nimeishiwa? Mimi sijawahi kumwacha msomaji njiani.

Niliyechoka, Kwa Mrombo


Ndugu uliyechoka,

Pole. Sasa pole imeisha, nisikilize.

Umeniomba nifiche jina lako. La shemeji yako hukuliombea, wala la binti. Kwa hiyo nimeifanya mimi kazi hiyo: majina yote hapo juu nimeyabadilisha, hata lile la kwenye hadithi, kijiji nimekihamisha (watu wa Nduruma mnisamehe), na mlango nimeupaka rangi nyingine. Imenichukua dakika kumi. Ndiyo kazi aliyokuwa anakufanyia Thomasi huku unamtukana moyoni. Sasa kati yako na watu elfu sita hakuna aliyekaa hapo katikati, na wewe badala ya kuogopa ukashangilia.

Evelyn anajua. Mtoto ameutambua mlango wa kwao, atashindwaje kumtambua mama yake? Hakukuuliza habari za hadithi.

Baba wa uongo usimtunge. Msomaji wa Oman atamsahau rubani wako kufikia Jumatatu, Evelyn atamtafuta maisha yake yote. Na wa kweli si wako kumtaja. Naisiae alikuwa na uchungu wa kuzaa pale kwenye benchi, hakuwa anakupa kazi ya kuandika.

Leo hii futa sehemu zote ishirini na mbili. Wapo waliokwisha kuzinakili wakarushiana, hao huwawezi, itabidi uishi nalo. Wasomaji waandikie mstari mmoja: "Hadithi hii haitaendelea, kosa ni langu." Usiongeze neno, maana nakujua, ukiongeza la pili utaongeza na la mia. Watasema umeishiwa. Waache waseme. Mara hii msomaji ataachwa njiani, atapata lifti kwa mwingine.

Halafu nenda ukweni, mchana, mke wako atangulie kuingia. Simu iache nyumbani. Msalimie mama mkwe, kaa utakapoonyeshwa hata kama ni nje kwenye ndoo iliyofudikizwa. Utani utakujia mdomoni, umeze. Usithubutu kusema "nilibadilisha jina". Mwambie Naisiae, "Nimekukosea, na Evelyn ameniuliza." Hilo la pili alisikie kwako, asije akalisikia kwa mtoto hajajiandaa. Atakachomwambia binti yake ni juu yake. Akikufukuza, ondoka, na wiki inayofuata urudi. Evelyn naye akikuuliza tena usimtume maji, mwambie, "Jibu analo mama yako, mimi nilikosea kulichezea."

Wewe si mtu mbaya, ndugu yangu. Mtu mbaya hakai na shemeji yake kwenye benchi la wodi, na ndoo iliyojaa haimsumbui.

Nikuambie na langu. Hadithi yako nimeisoma yote, mpaka ya ishirini na mbili, na nilikuwa naisubiri hiyo Jumamosi kama wenzangu. Kisha barua yako ikaja na jina ndani yake, sikukuomba, umeniandikia tu. Nimeikata ile mistari kwa mkasi nikaitia kwenye jiko la mkaa. Tunalijua watatu sasa: mama mtu, wewe na mimi. Mimi nimeshanyamaza.

Mshauri wako,
Eunike