Ubao wa nyuma ya kitanda

Musaga, Bujumbura, Jumapili

Papa Fortunat, mume wangu wa mbali,

Tuko wazima, homa ya Fortunat imepoa. Zile mbao za chini ya ukuta, ulizosema zitafanya nyumba ionekane ya watu waliotulia, nimezichagua mwenyewe: zimevikwa ngozi nyembamba ya mti wa libuyu, nyekundu kidogo. Fundi Méthode amezibandika kwa gundi sebuleni na chumbani. Kwenye kona zimekutana hata wembe haupiti. Majirani wanakuja kuangalia. Mi siwezi kukaa. Nafagia pale nilipokwisha kufagia.

Ubao mmoja tu, nyuma ya kitanda, nilimkataza asiubandike.

“Mama, hii moja itabaki inacheza,” alisema.

“Apana, weka skurubu mbili tu, na bisibisi uniachie.”

Usikasirike. Juzi tulisikia tena mabomu upande wa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Sikukuambia: siku ile tulipokimbia kutoka kule, nilitafuta vyeti vyetu hadi tukachelewa kumpitia mama yako, akabaki. Sasa vyote viko nyuma ya ubao ule.

Nimejipima. Skurubu zote mbili zinatoka kabla Fortunat hajamaliza kuvaa viatu.

Mkeo,
Mama Fortunat