Vilima Viwili vya Damu

Kharumwa, 3 Machi 1996

Mwanangu Scolastika,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hatujambo, isipokuwa magoti yangu, yameanza kustaafu kabla yangu. Je, wewe na hiyo baridi ya Uswidi?

Barua yako niliisoma mara mbili nikaelewa nusu. Nimewaambia walimu wenzangu kwamba binti yangu anafanya utafiti wa sabuni, anaosha mirija ya kioo. Mwalimu Athanas akauliza, "Kuosha vyombo si angejifunzia hapahapa?" Nifafanulie, nami nipate la kusema.

La pili si la utani. Gregory, mtoto wa kaka yako Boaz, amevimba tena vidole na analia kwa maumivu. Hospitali wamepima damu, wanasema ni sikoseli. Mama yako anasema ugonjwa huo kwetu haupo, mkamwana wetu Mariana ndiye aliyeuleta kutoka kwao Runzewe. Boaz yuko machimboni Geita, naye ametuma neno kwamba atakalosema mama ndilo. Mavuno yakiisha, Mariana atarudishwa kwao. Mimi nimenyamaza, kazi ninayoiweza.

Baba yako,
Maige

Lund, 30 Aprili 1996

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, na pole kwa magoti.

Sabuni yenyewe ni hivi. Nina mrija wa kioo mwembamba kama unywele. Napitisha humo protini za damu kwa nguvu ya umeme, kila moja ikimbie kwa kasi yake, zitengane. Shida ni kwamba zinanata kwenye ukuta wa kioo, zinatoka zikijikokota, na mashine inachora kilima kimoja kipana kisicho na maana. Kwa hiyo kwanza naupaka ukuta kemikali ya jamii ya sabuni. Inajipanga tabaka mbili, protini zinakosa pa kushika. Nimehangaika na nyingi. Hii ndiyo iliyokubali. Mwambie Mwalimu Athanas vyombo vyangu ni vyembamba, dodoki haliingii.

Siku ilipokubali nilitaka damu ya kujaribia, nikajichoma kidole. Nilitarajia kilima kimoja chembamba. Vikatoka viwili: damu ya kawaida, na ile ya sikoseli. Nikaosha mrija, nikapaka upya, nikarudia. Viwili.

Siumwi, Baba. Nimebeba nusu tu. Mtoto huugua akipata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Yangu nimeipata kwako au kwa Mama, na Boaz kaipata hapohapo. Mariana hakuuleta peke yake. Tafadhali, safari hii usinyamaze.

Mwanao,
Scola

Lund, 14 Julai 1996

Shikamoo Baba,

Barua yangu ya Aprili ilifika? Najua mavuno yameisha. Nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Scola

Kharumwa, 8 Septemba 1996

Ng'wanone, mwanangu Scola,

Marahaba. Tuko wazima.

Barua yako ya Aprili ilichelewa, ikafika Mariana akiwa ameshaondoka na mtoto. Nilipomsomea mama yako alisema, "Basi ugonjwa umetoka kwenu." Nikasema ni kwao yeye. Tukabishana mpaka uji ukaungua, na hakuna aliyeshinda.

Nikapanda lori la pamba hadi Kahama, nikaunga safari hadi Runzewe. Unajua mkwe na mkamwana hawaketi uso kwa uso kuzungumza habari za mwili. Nikawekewa kigoda uani, Mariana akakaa ndani nyuma ya mlango, mama yake katikati kama posta. Nikaeleza mrija, umeme, sabuni. Mama yake akauliza, "Mwalimu, siku hizi unauza sabuni?" Nikaiacha sayansi yako. Nikasema, "Ugonjwa uko kwetu pia. Umeonekana katika damu ya binti yangu. Tulikufukuza kwa kitu tulichokuwa nacho wenyewe."

Kisha Mariana akasema mwenyewe, bila kumpitia mama yake: "Nimesikia, Baba. Lakini wewe ulinyamaza tu. Aliyesema niondoke ni nani?"

Nikarudi peke yangu. Mama yako alikuwa anapeta mchele nilipomweleza swali la Mariana. Akamaliza kupeta. Asubuhi nikamkuta amevaa kitenge chake cha kanisani, ananiuliza lori la Kahama linapita saa ngapi. Nikasema nitamsindikiza. "Wewe baki," akasema. "Yako umeshasema."

Ni juma zima sasa. Najipikia, na kuku wanakula kuliko mimi. Lakini sina wasiwasi sana, mwanangu. Mgeni asiyetakiwa hachelewi kurudi hivi.

Baba yako,
Maige