Neno Lililomwangusha Baba

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi hamjambo, na kile kikohozi kimekuacha. Mama yupo, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Mimi mwili mzima. Moyo ndio haukai.

Uliniuliza kazi ya jukwaani inaendaje. Mwongozaji wetu tunamwita Nyundo, maana hugonga neno moja kutwa nzima. Yeye husema mchezo hausimami kwa mavazi wala mapambo, husimama kwa neno moja la kweli, na likiwa la uongo mtazamaji hulinusa tu. Basi hatuandikii maneno. Kila mwigizaji alete neno lililowahi kusemwa kwao likaharibu kitu. Wenzangu walileta ya kuchekesha, akawatoa nje. Mimi na kimbelembele changu nikaleta "nimeshika".

Ndiyo, kaka. Siku ile ya ngazi.

Nilimsimulia kama ijulikanavyo nyumbani: baba yuko juu anapaka rangi ukuta, anauliza kama ngazi imeshikwa, wewe unajibu nimeshika, kumbe wapi. Nyundo akasimamisha ngazi ya kweli jukwaani, akaniachia mimi neno. Siku nne zilizopita, mchana, wenzangu walipokwenda kula alinibakisha. Akasema mtu aliyelisikia neno hutazama mdomo wa mwenzake, ila mimi kila nikilisema natazama mikono yangu. Akauliza nani hasa alilisema. Nikaificha mikono mgongoni. Akacheka kidogo, akaniambia Jumamosi, siku ya onyesho, nisibadilishe kitu. Wallahi niliogopa kuliko siku ya msiba wa baba.

Kaka, wewe ulikuwa umeingia ndani kuchukua brashi. Niliyejibu ni mimi, mikono yangu ikiwa imeshika mwanasesere. Mama alisikia kutoka jikoni, akadhani ni wewe, sauti zetu zilifanana. Ulikana siku mbili, ukaitwa mwongo. Siku ya tatu uliniangalia nikilia, ukaacha kukana. Miaka kumi na minane sijathubutu kukuuliza kwa nini.

Nyundo amempelekea mama mwaliko, kiti cha mbele kabisa. Mama amefurahi mno. Anawaambia majirani waje waone alichofanya mwanawe wa kiume siku ile ya ngazi. Nimejaribu kumwambia asubuhi tatu, ulimi ukagoma.

Barua hii itakufikia Jumatatu. Nimezihesabu siku makusudi, kwa kuwa ungekuja kunizuia nisimwonyeshe mama ukweli jukwaani.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu. Nisamehe, kaka, ukiweza.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba wa mama