Neno Alilokunong'oneza Mama

Nyumbani, nyuma ya karakana,
S.L.P. 318.
9 Agosti.

Mpendwa Kitinda wetu,

Hujambo na baridi ya huko? Kifua kimetulia? Sisi wazima, ila cherehani imeanza kunidai mgongo. Baba ametoka hospitali, anatembea hadi karakana na kurudi. Kila siku anaulizia barua zako, kisha anajifanya hakuuliza.

Karakana iko vile vile: harufu ya grisi, makufuli mabovu kwenye misumari, na kigoda ulichokalia ukipiga funguo tupa mpaka vidole vikawa vyeusi. Nikiingia humo nakukumbuka hadi nakosa raha.

Sasa nikutobolee siri, ingawa baba alinikataza. Ile kompyuta uliyotuachia, yenye pochi ya sarafu zako za mtandaoni, aliifunga diski yote kwa nywila baada ya jirani kuibiwa yake. Alijivuna sana kwamba mwizi hata akiing'oa diski ataambulia takataka. Nywila hakuiandika popote. Unamjua, haweki ufunguo chini ya zulia.

Umeme ulipokatika ikazimika, na kila ikiwashwa inadai nywila, na tangu augue hakumbuki nywila nzima. Nawe, mtoto wa fundi makufuli, uliniambia yale maneno ya kurudishia pochi umeyahifadhi humo humo. Umefungia ufunguo sandukuni! Baba amenyong'onyea. Anasema ameizika nyumba uliyotaka kujenga kwa sarafu hizo.

Juzi akaniambia alichochagua kiwe nywila: maneno ya mama. Unakumbuka marehemu akifunga nyumba jioni, akitaja kila anachokigusa, komeo, dirisha, jiko, hadi kitandani kwetu? Baba alimfuata nyuma na taa. Miaka yote nilidhani anamulika tu. Kumbe alikuwa akisikiliza. Nililia, sikufichi.

Maneno yote tumeyakusanya, mimi na yeye, isipokuwa la mwisho, lile mama alilokuwa akikunong'oneza wewe sikioni. Mimi nilijifanya nimelala, nikaona wivu, na sikulisikia hata siku moja.

Jana nilipomwambia baba kwamba nakuandikia, alisema, "Basi asiliandike, wala asilitume kwa simu. Aje aniambie mwenyewe."

Miaka tisa hujarudi, Kitinda. Sidhani ni kompyuta tu anayotaka ifunguliwe.

Shangazi anakusalimu, na jirani pia, ambaye kompyuta yake mpya kaifunga kwa mnyororo. Mungu akunyooshee njia.

Ni mimi nikupendaye, hata kwa wivu ule,
Dada yako