Mama Anajifunza Kumwita Mjukuu

Kwako Dada mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini kidonda cha upasuaji kinaendelea kupona, na shemeji hakuachii uinue vitu vizito. Sisi ni wazima. Nakushukuru sana kwa barua yako. Hata ukiwa kitandani hukutusahau.

Umeniuliza kama Mama amekukasirikia. Tangu siku ile mwanao aliposikia sauti ya bibi yake kwenye simu, asielewe neno, akajificha chini ya meza, Mama hashiki simu tena. Unadhani anakulaumu kwa kutomfundisha mtoto Kiswahili, ndiyo maana hajajibu mwaliko wako wa kuja kukuuguza. Dada, ondoa hofu.

Kesho yake baada ya simu ile, Mama alinifuata kazini, pale uani ghalani ninapoongoza malori yarudi nyuma kupakua. Dereva siku hiyo alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili. Mama alinisikia nikimwambia "come, come, come", akaona lori zima linatii. Jioni akataka nimfundishe neno hilo. Nilimwambia ni Kiingereza cha kumwita mtu aje. Ila sisi uani tukiliharakisha, dereva anajua nafasi bado ipo, na tukilivuta, anajua ukuta umekaribia. Alinikemea kwamba mjukuu wake si shehena ya saruji.

Tangu hapo hatupumui. Paka anaitwa "come". Chai ikichelewa kuchemka, nayo inaitwa. Jirani yetu fundi viatu aliitwa, akaja mbio, akaambiwa ni majaribio tu. Tatizo ni mwalimu: Mama amejifunza kwangu, basi hawezi kulitamka bila kuvutia mikono yote miwili kifuani kama mimi uani. Usishangae mwanao akiingia sebuleni kinyumenyume.

Sasa nakufichulia alichonikataza kusema. Pasipoti yake imetoka. Anakuja, Dada! Simu haishiki kwa sababu anaogopa mtoto asije akamkimbia tena kabla hajaliweza neno lenyewe. Jana nilimtania: je, akimwita na mtoto asije? Aliendelea kukunja nguo zake za safari, kisha akasema basi yeye ndiye atakayemwendea, na kwenda hakuhitaji Kiingereza.

Namshukuru Mungu kwa kutupa mama huyu. Nibusie mpwa wangu, na shemeji mwambie namkumbuka.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba