Nekesa Anampikia Mwalimu

Mwalimu Rispa,

Ulipozikwa nilikuwa huku Matungu nikikata miwa, na habari ilinifikia maua yakiwa yameshakauka juu ya kaburi lako. Nisamehe sikukuzika. Nakuandikia nikikaa, nikisimama, nikikaa tena.

Darasa lako pale Chekalini, lile ulilonifundishia, limepewa mwalimu kijana. Anamfundisha Nekesa, binti yangu wa darasa la saba. Jioni kengele ikilia wenzake wanaenda kwao, yeye anatumwa nyumbani kwa mwalimu, achote maji na kumpikia. Peke yake. Mke wangu anafurahi. "Baba Nekesa, mwalimu amempenda mtoto, atamsaidia mtihani." Nekesa zamani alicheka mpaka namwambia nyamaza. Siku hizi akiulizwa habari za shule anaangalia sufuria.

Wewe ulitukataza. Unakumbuka tulivyokuletea kuni, mimi na wasichana wawili, tukijipendekeza? Ulisimama mlangoni ukauliza, "Nani amewaambia nimevunjika mikono?" Tulicheka tukashika matumbo. Kisha ukasema bila kucheka, "Mwalimu wenu yuko darasani. Hapa ni nyumbani kwa mtu." Wazazi walisema unaringa. Lakini darasani tulikuuliza lolote, hata la upuzi, na hakuna aliyekuzoea vibaya.

Jumatatu nilienda kumwona huyo kijana. Njiani nilipanga maneno mazito. Kufika mlango wa ofisi ya walimu, mikono ikajirudisha nyuma yenyewe kama ya mwanafunzi. Mimi, mtu mwenye ndevu! Akasema, "Karibu, mzee. Binti yako ana heshima sana, hakatai kazi."

Nikajibu, "Asante, mwalimu."

Nimerudi Matungu na hiyo asante nimekuja nayo. Usingizi haukai. Panga linanishinda, na wenzangu wananicheka: "Leo unakata miwa ama unaipapasa?"

Heshima gani hiyo, Mwalimu, ya mtoto asiyeweza kukataa? Sijui kama amemfanya kitu. Sijui, na hilo ndilo linanila. Niliishia darasa la sita, siwezi kubishana na mtu wa chuo. Lakini je, ningoje mpaka nijue?

Nimemwambia nyapara Ijumaa sipo. Akitaka anifute kazi. Kumwona mwalimu mkuu kutafuata, nitaenda na mama Nekesa. Kwanza nitasimama nje ya ua wa huyo kijana jioni, nimwite Nekesa kwa sauti, jina lake na la ukoo wetu, mpaka majirani watoke. Atoke na unga mikononi, twende. Hatarudi mle, hata wakisema tunaringa.

Pumzika, Mwalimu. Ulituachia mengi, nami nimechelewa kuyaona. Nakuahidi hivi: huyo kijana akitoka nyuma ya mtoto, nitamsalimia, maana ni mwalimu wake. Lakini kofia sitavua.

Mwanafunzi wako,
Baba Nekesa