Mkorosho wa Neema Haukatwi

Alhamisi, jioni. Joto la Masasi leo limetuchemsha kama mihogo, lakini moyo wangu umepoa.

Nashukuru. Acha niliandike hilo kwanza.

Mama mkwe wangu yuko Mnyambe, na kila mjukuu anayezaliwa humpa mkorosho wake shambani. Binti yangu Neema alipewa ule wenye mabibo mekundu matamu. Msimu uliopita aliyala mpaka gauni likajaa madoa. Baada ya hapo akaanza kukonda, kunywa maji bila kukoma na kukojoa kitandani. Hospitalini wakatuambia ni kisukari, aina ya kwanza.

Mama akatoa hukumu: ni mabibo. Yaani kosa ni lake, yeye aliyempa mti. Tangu hapo hakumwalika tena mjukuu wake shambani, na juzi akapiga simu kwamba amepata mtu wa msumeno, mti unakatwa. Neema alilia, akagoma kula. Mtoto wa sindano za insulini akigoma kula, sukari yaweza kushuka vibaya, na nyumba nzima haitulii.

Nikamwomba Mama aje kwanza kliniki nasi. Leo kaja, kavaa kanga zake za kanisani.

Nesi alimpa shikamoo, akamweleza polepole. Mwili una kinga, askari wa kupigana na magonjwa. Kwa Neema askari hao walikosea, wakashambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Huenda walianza kimyakimya kabla hata mabibo hayajaiva. Kwa nini walikosea, wataalamu bado hawana jibu kamili, ila si utamu wa bibo uliowatuma.

Mama aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo mwanangu, si mimi?"

"Si wewe, bibi. Wala si mama yake."

Akajifunika uso kwa kanga. Nami nikalia, maana swali lile lilikuwa langu pia.

Nilipomsindikiza stendi kupanda gari la kurudi, pale pale alimpigia simu mwenye msumeno asije. Kisha akauliza insulini tunaitunzaje bila friji. Nikamwambia tunaiweka kwenye chungu ndani ya mchanga mbichi. Akasema ataitolea mtungi wake wa maji ya kunywa, ule ambao hata mume wangu, mwanawe wa kumzaa, haruhusiwi kuugusa.

"Mama Neema, likizo niletee mtoto. Nifundishe sindano."

Nimeitikia haraka. Sasa nimekaa hapa najiuliza: yeye yuko tayari, mti upo, mtungi upo. Je, mimi nitaweza kumwachia?

Nitaweza. Kesho naanza kumfundisha kwa simu.